Katizo la Taima na Mapigo ya Upana Unaobadilika

Mapigo ya upana unaobadilika, ambayo mafundi wa Kakamega kama wenzao wa kwingineko huyaita PWM, ni njia ya kupunguza nguvu ya umeme inayofika kwenye kifaa bila kuipoteza njiani. Swichi ya kielektroniki huwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa sekunde. Muda wa kutoka kuwashwa hadi kuwashwa tena huitwa kipindi, nao haubadiliki. Kinachobadilika ni sehemu ya kipindi hicho ambayo swichi imewaka, na sehemu hiyo ikihesabiwa kwa asilimia ndiyo uwiano wa kuwaka. Uwiano ukiwa 25, kifaa hupata umeme robo ya muda na kukaa bila umeme robo tatu.

Faida yake huonekana kwenye hesabu. Chukua koili ya kupasha joto ya volti 12 inayovuta ampea 4, yaani wati 48. Ikihitajika kupunguzwa kwa tranzista iliyofunguka nusunusu, ikabakiwa na volti 6, mkondo hushuka hadi ampea 2: koili hupata wati 12, na tranzista yenyewe huunguza wati 12 nyingine, kiasi cha kudai bamba kubwa la kuipoza. Koili hiyohiyo ikiendeshwa kwa mosfeti inayowashwa na kuzimwa kwa uwiano wa 50, hupata wastani wa wati 24, na mosfeti ya aina ya IRLZ44N, yenye ukinzani wa takriban omu 0.025 ikiwa imewaka kikamilifu, hupoteza wastani wa wati 0.2 hivi. Haihitaji bamba lolote.

Hesabu hiyo ina mtego unaowanasa wengi. Wastani wa volteji katika mfano huu ni volti 6, lakini koili haipati nguvu ambayo ingeipata kwenye betri ya volti 6. Inapata maradufu, wati 24 badala ya 12, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volteji na kila pigo hufika likiwa na volti 12 kamili. Anayepima kwa mita ya kawaida na kusoma 6, kisha akakadiria joto kutokana na namba hiyo, atakosea kwa nusu nzima. Kwa koili, kanuni ya kushika ni kwamba nguvu huenda sambamba na uwiano wa kuwaka.

Mfano unaofaa Kakamega kuliko mwingine ni mashine ya kuangulia vifaranga. Ufugaji wa kuku wa kienyeji umeenea katika kaunti nzima, na mjini humo ndipo ilipo taasisi ya KALRO inayotafiti wanyama wasiocheua, kuku wakiwamo. Mayai ya kuku huhitaji joto la nyuzi 37.5 hivi katika mashine yenye feni, kwa siku 21. Joto likipanda nyuzi mbili juu ya hapo kwa saa kadhaa, viinitete vingi huweza kufa. Likishuka kidogo, vifaranga huchelewa na huanguliwa wakiwa dhaifu. Mashine nyingi za bei nafuu hutumia relei inayowasha balbu joto likishuka na kuizima likipanda. Tatizo ni kwamba balbu ikizimwa bado ni ya moto, hivyo joto hupita kiwango. Ikiwashwa huchelewa kupata moto, hivyo joto hushuka chini ya kiwango. Joto huyumba kutwa kucha, na midomo ya relei huliwa na cheche. Kinachotakiwa ni kuipa balbu asilimia 30 au 43 ya nguvu, kulingana na ubaridi wa chumba, na kuibadilisha kidogokidogo. Hapo ndipo maikrokontrola inapoingia.

Njia ya kwanza inayomjia mwanafunzi ni kuandika programu inayowasha pini, ikasubiri, ikaizima, ikasubiri tena, na kurudia bila kikomo. Njia hii hufanya kazi vizuri mezani hadi programu ipewe kazi ya pili. Ikianza kusoma kihisio cha joto, kuandika kwenye kioo kidogo, au kungoja mtu abonyeze kitufe, muda wa kazi hizo huingia ndani ya kipindi na kukirefusha. Mapigo hupoteza mpangilio: mara marefu, mara mafupi. Kasoro hii haiondoki kwa kurekebisha muda wa kusubiri, kwa kuwa kazi hizo hazichukui muda uleule kila mara.

Suluhisho ni kuikabidhi kazi ya kupima muda kwa taima. Taima ni kihesabio kilichomo ndani ya chipu, kinachoongeza moja kila saa ya chipu inapodunda, na hufanya hivyo bila kuishughulisha programu. ATmega328P, chipu iliyo kwenye Arduino Uno na ambayo vijana wengi wa vyuo hukutana nayo kwanza, ina taima tatu: taima 0 na taima 2 zenye biti 8, zinazohesabu hadi 255, na taima 1 yenye biti 16, inayohesabu hadi 65,535. Kwenye Arduino Uno saa hudunda mara 16,000,000 kwa sekunde, hivyo mdundo mmoja ni nanosekunde 62.5. Midundo hiyo inaweza kugawanywa kwa 8, 64, 256 au 1024 kabla ya kufika kwenye kihesabio, ili hesabu isijae upesi mno.

Kando ya kihesabio ipo rejista ya kulinganisha. Mwandishi wa programu huweka humo namba anayoitaka, na hesabu ikiifikia, taima huinua bendera. Bendera hiyo, ikiwa imeruhusiwa, huzua katizo: kichakata humaliza amri kilichokuwa kinaitekeleza, huhifadhi kwenye rundo mahali kilipofika, huruka hadi kwenye programu ndogo iliyoandikwa kwa ajili ya katizo hilo, huitekeleza, kisha hurudi pale kilipoachia kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye ATmega328P kuitikia huchukua angalau midundo minne, kuruka huongeza mitatu, na kurudi huchukua minne. Juu ya hiyo ipo midundo ya kuhifadhi rejista na kuzirejesha, ambayo mara nyingi huizidi kazi yenyewe. Programu ndogo ya kawaida ya PWM huishia kwenye midundo 50 hivi kwa jumla.

Kuna namna mbili za kutengeneza mapigo kwa katizo. Ya kwanza ni kukigawa kipindi katika vipande vidogo vilivyo sawa, na katizo litokee mwanzoni mwa kila kipande. Tuseme yanatakiwa mapigo ya hezi 100 yenye hatua 100. Makatizo yatakuwa 10,000 kwa sekunde, moja kila mikrosekunde 100. Saa ikigawanywa kwa 8, taima huhesabu 2,000,000 kwa sekunde, na mikrosekunde 100 ni hesabu 200. Rejista ya kulinganisha huwekwa 199 na wala si 200, kwa sababu kihesabio huanzia sifuri. Kila katizo huongeza moja kwenye namba ya kipande, huirudisha sifuri ikifika 100, na huiwasha pini ikiwa namba hiyo iko chini ya uwiano unaotakiwa, vinginevyo huizima. Hakuna zaidi ya hapo.

Uzuri wa namna hii ni kwamba katizo moja linaweza kuhudumia pini nyingi, kila moja na uwiano wake, na pini hizo zinaweza kuwa zozote. Gharama yake ni muda wa kichakata. Makatizo 10,000 ya midundo 50 ni midundo 500,000 kwa sekunde, asilimia 3 hivi ya uwezo wa chipu, bei ambayo hakuna atakayeilalamikia. Lakini hatua zikibaki 100 na masafa yakapandishwa hadi kilohezi 20, makatizo yatakuwa 2,000,000 kwa sekunde, na kati ya moja na jingine itabaki midundo 8 tu. Midundo 8 haitoshi hata kuingia kwenye katizo na kutoka. Mwandishi yeyote wa programu anapaswa kuifanya hesabu hii kwenye karatasi kabla hajagusa kibodi. Inachukua dakika moja na huokoa siku nzima ya kutafuta kosa ambalo halimo kwenye msimbo.

Namna ya pili huhitaji makatizo mawili tu kwa kipindi: moja la kuwasha mwanzoni na moja la kuzima muda wa pigo ukiisha. Mota ya servo ndiyo mfano wake mzuri. Hupokea pigo kila milisekunde 20, na upana wa pigo hilo, kati ya milisekunde 1 na 2 kwa kawaida, huiambia mkono wake usimame wapi. Taima 1 ikihesabu 2,000,000 kwa sekunde, kipindi ni hesabu 40,000 na pigo la katikati ni hesabu 3,000. Milisekunde nzima hugawanyika katika hatua 2,000, usahihi ambao namna ya kwanza isingeufikia bila kuielemea chipu. Udhaifu wake huonekana pembezoni. Uwiano ukiwa mdogo sana, katizo la kuzima hufika wakati lile la kuwasha bado linatekelezwa, likangoja, na pigo likawa pana kuliko lilivyoombwa. Ndiyo maana uwiano wa 0 na wa 100 hushughulikiwa peke yake: pini huzimwa au huwashwa moja kwa moja, na makatizo hayaguswi.

Kasoro nyingi za programu za aina hii hazimo kwenye taima. Zimo mahali ambapo katizo na programu kuu hushirikiana kitu kimoja. Uwiano wa kuwaka huandikwa na programu kuu na kusomwa na katizo, na kitu hicho lazima kitangazwe katika lugha ya C kuwa volatile, la sivyo kikusanyi kinaweza kudhani kwamba thamani yake haibadiliki na kuacha kuisoma upya. Kama thamani ni ya biti 16, kuna hatari nyingine. Chipu ya biti 8 huiandika kwa mafungu mawili. Tuseme thamani inatoka 255 kwenda 256, na katizo linaingia baada ya fungu la juu kuandikwa na kabla ya la chini: katizo litasoma 511. Mafungu yakiandikwa kwa mpangilio wa kinyume litasoma 0. Kosa hilo hutokea mara moja baada ya muda mrefu, haliachi alama, na fundi hulisingizia waya. Dawa yake ni kuyazuia makatizo kwa midundo michache wakati wa kuandika.

Badiliko la uwiano katikati ya kipindi nalo lina vurugu yake. Tuseme programu ndogo inazima pini pale tu namba ya kipande inapokuwa sawasawa na uwiano. Uwiano ukishushwa kutoka 80 hadi 20 wakati namba iko 50, nafasi ya kuzima imekwisha kupita, na pini itabaki imewaka hadi kipindi kijacho kabisa. Kwenye taa hilo ni mmweko; kwenye mota ni mshtuko. Programu nzuri hupokea thamani mpya kwenye kipande cha sifuri tu.

Kasoro moja inastahili kutazamwa kwa karibu, maana huonekana kwa macho. Kihisio cha DHT22, kinachopendwa na watengenezaji wa mashine za vifaranga kwa kuwa hupima joto na unyevu kwa pamoja, hutuma biti 40 kwa waya mmoja. Biti ya sifuri ni pigo la mikrosekunde 26 hadi 28, na biti ya moja ni la mikrosekunde 70. Kuzitofautisha kunadai kuhesabu muda bila kusumbuliwa, kwa hiyo maktaba za programu zinazotumika sana huzuia makatizo yote wakati wa kusoma, kwa milisekunde 4 au 5. Kwa PWM ya hezi 100 hiyo ni karibu nusu ya kipindi. Pini hubaki kama ilivyokutwa, na makatizo yaliyopaswa kutokea hayasubiri foleni, kwa sababu bendera ya taima ni biti moja: hukumbuka kwamba katizo lilikuja, haikumbuki yamekuja mangapi. Makumi ya makatizo hupotea na moja tu hutekelezwa. Taa ndogo iliyounganishwa kwenye pini hiyo humweka kila kihisio kinaposomwa, yaani kila sekunde mbili hivi. Fundi anayeuona mmweko huo hubadilisha taa, kisha waya, kisha chipu. Koili ya joto, kwa upande wake, haiuhisi kabisa.

Kutofautiana huko kati ya taa na koili ndiko kunakoamua masafa. Jicho huacha kuona mmweko kwenye hezi 100 hivi, kwa hiyo taa hutaka masafa hayo au zaidi. Mota ya mkondo mnyofu huendeshwa kwa kilohezi 20 au zaidi pale mlio wake unapoudhi, kwa sababu sikio halisikii juu ya hapo, nayo lazima iwekewe dayodi ya kurudisha mkondo, la sivyo mosfeti huuawa na volteji inayozuka kila inapozimwa. Sanduku la mayai lina uzito wa joto mkubwa: hewa, mbao, maji kwenye sinia na mayai yenyewe. Halitambui mapigo ya nusu sekunde. Kulipa PWM ya kilohezi kadhaa ni kujitafutia kazi.

Kwa balbu au koili ya umeme wa stima, volti 240 na hezi 50, masafa ya chini ni ya lazima. Mkondo huo hupita kwenye sifuri kila milisekunde 10, na mapigo ya hezi 100 yasiyofuatana nao huukata mahali popote, yakazua kelele kwenye redio ya jirani na mwanga unaopanda na kushuka. Inayofaa ni PWM ya polepole: kipindi cha sekunde 2, chenye nusu-mawimbi 200. Taima 1, saa ikigawanywa kwa 64, huhesabu 250,000 kwa sekunde. Rejista ikiwekwa 2,499, katizo huja kila milisekunde 10, na namba ya kipande huhesabiwa hadi 200. Kila hatua ni nusu asilimia ya nguvu. Pini huwasha kitenganishi cha mwanga cha MOC3061, ambacho hungoja mkondo ufike sifuri ndipo kiwashe triaki, na ambacho pia huitenga chipu ya volti 5 na volti 240. Makatizo ni 100 kwa sekunde, na kichakata hutumia asilimia 0.03 ya muda wake. Hata DHT22 ikiyazuia kwa milisekunde 5, hakuna hata moja linalopotea.

Kwa mashine ya sola na betri ya volti 12, programu ni ileile, na mosfeti huchukua nafasi ya triaki. Hapa soko lina mtego: IRFZ44N na IRLZ44N hufanana kwa umbo na karibu kwa jina, lakini ya kwanza hutaka volti 10 kwenye geti ili iwake kikamilifu. Ikipewa volti 5 za chipu huwaka nusunusu, ikachemka, na mapigo hulaumiwa bure.

Stima hupotea na kurudi, hasa nyakati za mvua kubwa za radi zinazoijua vyema Kakamega, na kila inaporudi chipu huanza upya. Katika muda huo mfupi pini zake huelea, hazijawashwa wala kuzimwa. Rezista ya omu 10,000 kutoka geti la mosfeti hadi ardhi huhakikisha koili imezimwa mpaka programu iseme vinginevyo. Kigunduzi cha volteji pungufu kilichomo ndani ya ATmega328P kiwekwe kwenye volti 4.3 kwa saketi ya volti 5, ili chipu isimame kabla haijaanza kutekeleza amri ovyo. Taima ya ulinzi nayo iwashwe, lakini irudishwe sifuri na programu kuu, kamwe si ndani ya katizo. Katizo huendelea kutokea hata programu kuu ikiwa imekwama, na ulinzi uliowekwa humo haulindi chochote. Juu ya yote hayo, swichi ya joto ya kimakanika iliyounganishwa mfululizo na koili ni bei ndogo kuliko mayai mia yaliyoiva.

Swali la mwisho ni kama katizo linahitajika hata kidogo, kwa kuwa taima za ATmega328P zinaweza kuwasha na kuzima pini zenyewe, bila programu kuhusika. Kuna pini sita za namna hiyo. Taima 1 ikihesabu hadi 799 bila kugawanya saa, hutoa mapigo ya kilohezi 20 yenye hatua 800, na kichakata hakitumii hata mdundo mmoja. Mapigo hayo hayayumbishwi na DHT22 wala na kitu kingine. Hata hivyo taima zenyewe zina wenyewe: katika mfumo wa Arduino taima 0 ndiyo inayohesabu milisekunde, na anayeibadilisha huvuruga kila kazi ya kusubiri, nayo maktaba ya servo huichukua taima 1.

Chipu za ukoo wa 8051, uliozinduliwa na Intel mwaka 1980, asili yake haikuwa na maunzi ya PWM, na pale zinapofundishiwa, katizo la taima ndiyo njia pekee ya kuaminika. Kwa kristali ya megahezi 12, amri nyingi za 8051 huchukua mikrosekunde 1 au 2, hivyo katizo la kila mikrosekunde 100 linaweza kumeza theluthi ya muda wa chipu. Masafa yake lazima yawe ya chini. Kwenye ATmega328P hali ni tofauti: feni na mota zipewe pini za maunzi, na katizo liachiwe koili, servo na taa nyingi zisizotoshelezwa na pini sita. Kutengeneza mapigo ya kilohezi 20 kwa katizo kwenye chipu hiyo ni uteuzi mbaya, hata pale unapoonekana kufanya kazi.